Sisimizi wa Ukuta wa Bafuni

3 Machi

Kwa Kitinda, mdogo wangu wa maabara,

TANGAZO. Umma wote unaarifiwa, na wewe ni sehemu ya umma ingawa ni ile sehemu inayochelewa kujibu barua, kwamba kuanzia tarehe moja ya mwezi huu sisimizi wote waliokuwa wakiishi kwenye ukuta wa bafuni, katika nyumba ya marehemu baba yetu, wamehama. Hawakuaga wala hawakuacha anwani. Limetolewa na mwenye nyumba, ambaye ni mimi.

Tangazo hili ningelichora kwa rangi nyekundu, herufi za inchi sita, ila ubao nilionao ni mmoja tu na una kazi nyingine.

Maana yake unaijua. Tangu nilipoambiwa nina kisukari, huu mwaka wa tisa, sijawahi kuhitaji kliniki inieleze hali yangu. Nikishajisaidia haja ndogo kwenye mfereji wa bafuni, nasimama nahesabu hadi mia mbili. Ukija mstari mmoja wa sisimizi, sukari iko wastani. Ikija mistari mitatu pamoja na ndugu zao wa kambo, basi nimekula nisichopaswa. Ni wapimaji wa bure, hawaombi kadi, hawakwambii urudi Jumanne. Sasa hawaji kabisa. Ukuta mtupu, hakuna hata mmoja aliyesahau mzigo akarudi kuuchukua. Kwa hiyo sukari imeisha, nami nimezipandisha dawa juu ya kabati zikapumzike. Zimefanya kazi ya kutosha.

Mpangaji wangu wa chumba cha nyuma, yule msusi wa nywele, nilimpa habari hizi kabla yako. Alisema, "Afadhali, mzee," akaingia ndani kama aliyeacha kitu jikoni.

Jambo dogo tu: mkojo wangu siku hizi una povu, na si povu la kuisha. Nikirudi baada ya kupiga mswaki nalikuta bado lipo, linanitazama. Labda ni sabuni. Harufu siwezi kukwambia, pua yangu ilistaafu kabla yangu. Miaka thelathini ya kuchora mabango na kunusa tapentaini si mchezo.

Barua nampa dereva wa gari la chanjo, kwa kuwa yeye hupita kwako na kwangu, na kwa kuwa ukinipigia simu nasikia nyuki tu.

Kakako,
Mchora Mabango


9 Machi

Kaka, shikamoo.

Tangazo limefika. Nimelisoma nikiwa mbele ya hadubini, na wenzangu wakadhani nacheka. Sikucheka.

Kwanza, dawa zishuke kabatini leo hii. Pili, sisimizi si kipimo. Wao wanaonja sukari ya kwenye mkojo, basi, na mkojo unaweza kukosa sukari huku mwili umejaa. Iko sababu moja ya jambo hilo ambayo sitaiandika hapa. Tatu ni povu. Katika kurasa zako zote, hilo uliloliita jambo dogo ndilo lililonikalisha chini.

Nahitaji mkojo wako wa kwanza wa asubuhi. Nitakutumia vikopo safi dereva akipita tena. Usikinge kwenye chombo chako chochote.

Herufi zako zimekuwa kubwa. Barua yako ya mwaka jana ilikuwa ukurasa mmoja, hii ni kurasa tatu kwa maneno yaleyale. Unaona vizuri?

Mdogo wako

Tena: siku hiyo mvua ilinyesha? Sisimizi huhama mvua ikikaribia. Niambie kwamba ilinyesha.


17 Machi

Kitinda, marahaba.

Mvua haikunyesha.

Ulisema nisikinge kwenye chombo changu, lakini dereva alikuwa amesimama mlangoni na injini inaunguruma, na heshima ya mgeni ni kutomchelewesha. Nimetumia lile kopo la kioo la brashi ambalo hukaa dirishani kwa bafu. Nimelisuuza mara mbili. Dereva alikataa kuliweka kwenye kasha la baridi la chanjo. Alisema dawa za watoto hazilali na siri za wazee. Amelitia kwenye kasha lingine pamoja na maji yake ya kunywa. Nadhani hayanywi tena.

Dawa zimeshuka. Ziko mezani.

Sasa sikiliza. Nilitaka kuwajaribu hawa jamaa, nikaweka kijiko cha sukari chini ya ukuta, upande wa nje, pale walipokuwa wakitokea. Sukari nyeupe, ya dukani, si ya mwilini mwangu. Leo siku ya nne. Sukari ipo. Imelowa umande ikaganda, ina ngozi kama jeraha linalopona, na hakuna aliyeigusa. Inzi anakuja, anazunguka, anaondoka. Majirani watatu wamekuja kuona. Wanaingia wakinitania, wanauliza kiingilio ni nini, halafu wanasimama hatua mbili kutoka ukutani. Hakuna aliyeugusa kwa mkono. Sikuwakataza.

Ningekuwa mimi ndiye wanayenikataa ningeelewa. Lakini sukari ya dukani imewakosea nini? Wanaikataa nyumba.

Kuhusu herufi, mimi ni mchora mabango. Ulitaka niandike kama karani?

Kiti cha baba nimekitoa barazani nikakiingiza ndani. Pale kilipokuwa kilitazamana na ule ukuta. Wewe unakumbuka zamani kilikuwa kinakaa wapi?

Kakako


24 Machi

Kaka, shikamoo.

Kopo lako halifai. Nilipochovya ukanda wa kupimia ukatoa rangi ambayo haipo kwenye chati, na nimefanya kazi hii miaka ishirini na tatu. Harufu yake ilikuwa ya mafuta ya taa. Mwenzangu alifungua madirisha yote akaenda kusimama nje. Unaoshea brashi mafuta ya taa siku hizi?

Ninachokitafuta nitakueleza kwa lugha ya kazi yako. Wewe huchuja rangi kwa kitambaa kabla ya kuchora, ili mabonge yabaki na kilicho laini kipite. Figo ni kitambaa hicho, na kinachochujwa ni damu. Kuna protini moja ya damu inaitwa albumini. Hiyo ni bonge, inatakiwa ibaki. Sukari ikikaa juu miaka mingi, kitambaa kinaanza kulegea nyuzi, na albumini kidogo inapita. Ni kidogo sana, na wewe hulali chini wala huumwi popote. Miguu ikija kuvimba, kitambaa kimeshatoboka zamani. Sisi tunaihesabu mapema, ikiwa bado chembe. Tunailinganisha na taka nyingine ya mwilini, kreatinini, ili mkojo mzito au mwepesi usitudanganye. Wengine albumini yao inavuja bila povu, na wengine wana povu bila kuvuja. Macho hayatoshi. Na mara moja haitoshi, maana hata homa huweza kuipandisha kwa siku mbili. Nataka vikopo vitatu katika miezi michache. Viwili vikisema jambo moja, tutaamini.

Vikopo ndivyo hivi, nimevifunga mwenyewe.

Mezani si tumboni, kaka. Meza dawa.

Kiti sikikumbuki. Nilikuwa mdogo.

Mdogo wako


7 Aprili

Kitinda, marahaba.

Hujui kudanganya, na ni vizuri, familia imeshatoa mtu mmoja wa fani hiyo. Ulikuwa na miaka kumi. Ulikuwa umekalia ndoo iliyopinduliwa, unamenya kitu, na kisu kikasimama mkononi. Nilikuona.

Ilikuwa mchana, jua la utosi. Baba alikuwa kwenye kiti chake barazani, miguu imejaa hadi tukamkatia viatu kisiginoni. Miaka yote hiyo sisimizi walikuwa wakifuata mkojo wake, na sisi tukicheka kwamba mzee anafuga. Siku hiyo walitoka. Si mmoja mmoja. Walitoka ukutani wote, wamebeba mayai meupe mdomoni, mstari mnene kama kamba, wakakata baraza moja kwa moja. Walipofika kwenye miguu ya baba waligawanyika, wakaizunguka kama maji yanavyozunguka jiwe, wakaungana mbele, wakaenda. Hawakupanda hata kidole. Mama alikuwa na ufagio mkononi na hakufagia. Alisema polepole, kama anayejisemea, "Hawa hawakai kwenye nyumba inayobomoka."

Baba akamjibu, "Basi waniachie kodi."

Alikufa siku ya arobaini na moja. Tukaambiwa ni homa.

Sasa umejua tangazo langu lilikuwa la nini. Mtu akipita makaburini peke yake hupiga mluzi. Wangu nimeupiga kwa herufi kubwa.

Wa kwangu wameondoka tarehe moja Machi. Nimehesabu kwa kalenda ya ukutani na kwa vidole, na vyote vinaangukia tarehe kumi na moja mwezi huu. Ule ubao niliokwambia una kazi nyingine, kazi yenyewe nimeimaliza. Jina langu, mwaka wa kuzaliwa, na tarehe ya pili nimeiachia nafasi ya inchi nne. Herufi zimenyooka, sijui kama nimewahi kuchora vizuri hivyo kwa mteja anayelipa.

Mafuta ya taa sijawahi kuyatumia, yanaharibu manyoya ya brashi. Ile harufu sijui ilitoka wapi, wala usinieleze.

Kikopo cha kwanza hiki hapa, cha asubuhi, kama ulivyotaka. Usije. Ukija tutaanza kubishana, nami nitachelewa.

Kakako


9 Aprili

Kaka,

Dereva anaondoka baada ya nusu saa, kwa hiyo naandika nimesimama.

Albumini ipo. Hesabu yako ni themanini na nne. Tunataka iwe chini ya thelathini. Ikivuka mia tatu ndipo sisi wa maabara huanza kuongea kwa sauti ya chini. Kitambaa chako kimelegea nyuzi, hakijatoboka. Mtu hafi kwa themanini na nne, wala hafi kwa kalenda ya ukutani.

Ile sababu niliyokataa kuiandika ni hii. Figo zikichoka kabisa hazichuji tena, na sukari inabaki damuni, haifiki kwenye mkojo. Nadhani ndivyo ilivyokuwa kwa baba. Sisimizi walikosa chakula wakahama, yeye akawa amebaki na siku chache. Hakuna aliyempima, kwa hiyo sitajua kamwe. Uliponiandikia kwamba wako wamehama na mkojo una povu, niliviweka vitu hivyo viwili pamoja, na nimeviweka pamoja kila siku tangu hapo.

Nilikumbuka kiti. Nilikumbuka na kisu. Nilitaka wewe ndiye usiyekumbuka.

Na kuna jambo lingine nililokuficha. Kwenye lile kopo la kioo, chini kabisa, kulikuwa na sisimizi wawili wamekufa.

Nakuja tarehe kumi na moja. Ufunike ule ubao.

Mdogo wako


12 Mei

Kitinda, marahaba.

Sikukuandikia mapema kwa sababu nilikuwa hai, na mtu hai ana kazi nyingi.

Tarehe kumi na moja ilipita kama mgeni aliyekosea nyumba: ilisimama mlangoni siku nzima, haikusema kitu, ikaenda zake. Wewe ulikalia kiti cha baba, ulichokirudisha barazani bila kuniuliza, mimi nikakalia ndoo. Ulidhani sikukuona unavyonitazama miguu. Mimi nilikuwa naitazama pia. Kila saa nilibonyeza kidole juu ya kifundo nione kama kitaacha shimo. Msusi alituletea chai mara tatu bila kuombwa, isiyo na sukari, na mara zote tatu hakuniangalia usoni. Nilijua anajua ni siku gani, nilimwonesha ubao. Saa kumi jioni ukasinzia kwenye kiti kilekile, kichwa kimeangukia upande uleule alioangushia baba, nikakuamsha kwa kisingizio cha nzi.

Kliniki walinitoa damu, kama ulivyoamuru. Figo bado zinachuja vizuri. Sukari ilikuwa mara mbili ya inavyotakiwa, kwa hiyo haikuwahi kuisha popote, nilikuwa nayo muda wote kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa. Wamenipa na kidonge cha presha, wanasema kinalinda figo, na chumvi wamenipunguzia. Mwingine kanimulika machoni kwa taa, akasema nirudi mwezi ujao. Sawa, herufi zilikuwa kubwa. Namaliza vidonge vyote, na Msusi ni shahidi.

Lakini nikuulize, wewe uliyesoma. Mashine yako ilisema tarehe tisa Aprili. Sisimizi walisema tarehe moja Machi. Wamekutangulia siku thelathini na tisa, na wao hawajaenda chuo. Kijiko cha sukari bado kiko pale chini ya ukuta. Nakifunika kwa bakuli mvua ikinyesha.

Kikopo cha pili hiki.

Kakako


11 Juni

Kaka, shikamoo.

Sitini na moja. Vikopo viwili vimesema jambo moja, kwa hiyo tunaamini: inavuja, ni mapema, na tayari imeanza kupungua. Ungekuja miaka mitano baadaye, barua hii ningeiandika kwa mkono mwingine. Kikopo cha tatu kihifadhi, tutakitumia Septemba. Usiache dawa hata siku moja, hata ukijisikia kijana.

Nimelifikiria swali lako. Figo zako hazijafika zilipofika za baba, na sukari yako ilikuwa juu, kwa hiyo mkojo wako ulikuwa mtamu tu. Walikuwa na kila sababu ya kubaki. Nilimuuliza daktari wetu, akasema ni mvua. Nikamwambia haikunyesha. Nikamweleza habari ya kijiko cha sukari, akatazama saa, akaaga.

Nikwambie na la kwangu, ulicheke kwa siri. Niliporudi kutoka kwako nilianza kutazama pembe za nyumba yangu. Mwezi mzima nilikuwa nainama nyuma ya jiko kabla ya kuvaa viatu. Mwishowe nikaweka kijiko cha sukari kama wewe, nikalala vibaya. Asubuhi kilikuwa cheusi, wamejaa hadi kwenye mpini. Sijawahi kufurahi kuona wadudu jikoni. Halafu nikaenda kazini nikajipima mwenyewe, na niko salama. Lakini uone nilianza na kipi.

Mdogo wako


18 Juni

Dada wa maabara,

Hatujuani zaidi ya ile chai. Mimi ni msusi, mpangaji wa chumba cha nyuma kwa kaka yako. Naomba usimwoneshe barua hii kabla hujaisoma yote.

Barua yako ya mwisho mzee aliisoma kwa sauti barazani, mbele ya watu. Alipofika pale daktari alipoaga, walipiga makofi. Siku iliyofuata aliutoa ule ubao wenye jina lake, akaufuta kwa tapentaini, akachora upya: HAPA SISIMIZI HUPIMA FIGO. Ameutundika juu ya mlango wa bafu. Umependeza sana, hilo nisiseme uongo. Alisema ni utani, lakini kesho yake alikuja mama mmoja mwenye kisukari amebeba chupa chini ya kanga, akamwaga pale ukutani, akasubiri. Hakuja sisimizi, akaenda zake analia, anasema figo zake ndizo zimeisha. Jana wamekuja wawili. Mmoja aliniambia kliniki haendi tena, hapa ni karibu. Ndiyo maana naandika.

Nilitaka kusema tangu ile siku ya kwanza, lakini alikuwa ameshawatangazia majirani wote. Halafu akanionesha ubao wa kaburi, na mimi ningeanzia wapi?

Walikuwa wanaingia kwenye nywele za bandia za wateja wangu. Tarehe moja Machi nilimwaga mafuta ya taa ukutani na kwenye mfereji, na kila Jumatatu nikarudia, mzee akiwa dukani. Nilipimia kwa lile kopo lake la kioo la dirishani.

Wiki iliyopita mafuta yaliisha na sikununua mengine. Leo asubuhi wamerudi.